Likoni hadi Bwiti: nikiulizia mipaka ya makabila njiani

Nimekaa na daftari na picha za simu kuipanga safari hii upya, maana niliandika ovyo ndani ya matatu na nusu ya maneno yamefutika kwa jasho. Nilishuka pwani ya kusini ya Kenya kutoka Likoni, nikavuka mpaka wa Tanzania pale Horohoro, nikamalizia vijiji vya chini ya milima ya Usambara, wilaya ya Mkinga. Kila niliposimama niliuliza swali moja: mnajuaje kwamba huyu ni wenu na yule si wenu? Mimi ni Mkamba. Mjomba wangu amekaa Shimba Hills tangu utotoni, kwenye mashamba waliyogawiwa Wakamba miaka ya 1950, na wanawe wanagombana kwa Kidigo. Kwa hiyo nilikuwa na hamu yangu binafsi.

Jumatatu: Likoni hadi Kinondo

Feri ni bure kwa mwenda kwa miguu. Vuka kabla ya saa moja asubuhi au baada ya saa tatu, katikati ya hapo ni kusukumana tu. Upande wa pili nilipata mahamri na mbaazi kwa shilingi 80, matatu hadi Ukunda 120, kisha tuktuk hadi Kinondo. Dereva alitaka 500, tukaelewana 350.

Kaya Kinondo ni mmoja wa misitu mitakatifu ya Wamijikenda iliyoingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008. Unalipa kiingilio, unapewa kiongozi wa hapohapo, unafungwa kaniki nyeusi kiunoni, na ziko sehemu hupigi picha. Usibishane, na usiondoke na hata jani.

Kiongozi wangu alinitajia yale makundi tisa kwa mdundo kama wa shule: Wagiriama, Wadigo, Waduruma, Warabai, Waribe, Wakambe, Wachonyi, Wakauma, Wajibana. Nikamuuliza tangu lini ni kitu kimoja. Akacheka. Hadithi ya kutoka pamoja Shungwaya, nchi ya asili inayosimuliwa kuwa kaskazini, ni ya zamani, ila jina la Mijikenda lilishika miaka ya 1940, watu walipochoka kuitwa Wanyika na wenye miji, jina ambalo ndani yake mlikuwa na dharau. Wakati huohuo, bara, Waluhya na Wakalenjin nao walikuwa wakijikusanya chini ya majina mapya. Ukiwa peke yako ni kaukoo tu, serikali haikusikii. Mkiwa tisa mna uzito.

Kilichonikalisha pale chini ya mti hadi mbu wakaanza ni habari ya mirathi. Zamani Mdigo alirithi kwa mjomba wake, si kwa baba. Uislamu ulipoenea kwa Wadigo, mwanzoni mwa karne iliyopita, ukaja na sheria ya mtoto kumrithi baba. Basi mtu mmoja akawa na milango miwili: akitaka shamba la mjomba anataja mila, akitaka la baba anataja dini. Mzee mmoja aliyekuwa amekaa kando akisuka makuti aliingilia.

"Mwanangu, kesi za mashamba hapa zote ni hiyo. Mjomba amekufa, wapwa wamekuja, na watoto wamekuja. Kila mmoja ana kitabu chake."

Kwa Waduruma, jirani zao wa nyuma, Uislamu haukushika hivyo. Kwa hiyo dini ileile iliyomsogeza Mdigo karibu na Mswahili wa mjini, wakaoana na kuswali pamoja, ilimweka mbali kidogo na Mduruma anayesikilizana naye lugha karibu yote. Nilimuuliza mzee kwa nini basi Wadigo hawakugeuka Waswahili moja kwa moja, kama baadhi yao walivyofanya. Akaonyesha msitu kwa mkono wenye kuti. Mswahili wa Mombasa hana haki hapa. Mwenye ukoo anayo.

Jumanne: Makongeni

Mvua ilinizuia Ukunda mpaka saa tano. Matatu ya kwenda Msambweni haikuondoka hadi ijae, na ilijaa kwa saa nzima na nusu. Nauli 150. Nilishuka Gazi, nikatazama ile njia ya mbao juu ya mikoko (inafaa, nenda maji yakiwa yamejaa), kisha boda hadi Makongeni.

Hapa ndipo nilipojaza kurasa nyingi kuliko popote. Wamakonde walikuja Kenya kutoka Msumbiji, wengi tangu miaka ya 1930, kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa, Ramisi kule chini. Wengine walifuata walipokimbia vita vya ukombozi. Uhuru ulipofika hakuna aliyewaandikisha, na watoto wao, na wajukuu, wakazaliwa Kwale bila kuwa raia wa popote.

Mama mmoja alinikaribisha barazani kabla sijajieleza. Akaniletea ugali wa muhogo na samaki wa kukaanga, akakataa pesa, akaniambia kama nataka kulipa nimchambulie mchele wa jioni. Nikachambua huku tunazungumza. Bila kitambulisho hukuweza kusajili laini ya simu, kufungua akaunti, wala kununua shamba kwa jina lako. Korosho ni zako, umezipanda mwenyewe, lakini ardhi iliyo chini ya mkorosho ni ya mtu mwingine. Vijana walikuwa wakiomba kuandikwa chini ya baba Mdigo, rafiki wa familia. Wengine walifanikiwa, na hao leo kwenye karatasi ni Wadigo.

"Na nyumbani?" nikauliza.

"Nyumbani ni Mmakonde. Ngoma ikilia utamwona."

Mwezi wa kumi 2016 walifunga safari ya miguu kutoka Kwale kwenda Ikulu, Nairobi. Polisi walijaribu kuwazuia njiani, wakaendelea. Rais Uhuru Kenyatta aliwapokea, akaagiza wapewe vitambulisho, na mwanzoni mwa 2017 vikaanza kutolewa. Wakaitwa kabila la 43 la Kenya. Katika sensa ya 2019 walihesabiwa 3,764. Mama alikileta kitambulisho chake kikiwa ndani ya mfuko wa plastiki, ndani ya bahasha, ndani ya Kurani. Akanionyesha, akakirudisha kwa utaratibu uleule, tabaka kwa tabaka.

Jirani yake, bibi mzee sana, alikuwa na chale usoni: mistari ya pembepembe mashavuni, iliyofifia. Hakuna mtu wa chini ya miaka sitini niliyemwona nazo. Wajukuu hawazitaki na yeye hawalaumu. Zamani, alisema, chale zilikuwa ndizo kitambulisho, mtu anakujua kwa mbali. Nikafikiria kwamba alama zimefutika usoni katika miaka ileile jina lilipoingia kwenye daftari la serikali. Angalia vizuri, kabila halikupungua. Limehamia kwenye karatasi.

Kwa atakayekuja: vinyago vinauzwa hapahapa kwa wachongaji wenyewe, na bei ni nafuu kuliko Diani. Njoo na noti ndogondogo.

Jumatano: Shimoni na Wasini

Matatu hadi Kanana, kisha boda hadi Shimoni, 200. Boti ya wenyeji kwenda Wasini ilikuwa ikisubiri maji, nikakaa gatini saa mbili nikila mihogo ya kuchoma yenye pilipili na ndimu. Watalii hupelekwa kwa boti za bei ya juu; wewe uliza ile inayobeba magunia ya unga.

Gatini nilikaa karibu na wavuvi wawili Wapemba waliokuwa wakishona wavu. Baba zao walifuata samaki kutoka Pemba kwa mashua, wakakaa, wakaoa. Hadithi yao inafanana na ya Makongeni isipokuwa jambo moja: Mpemba anaweza kujificha. Ni Mwislamu, anasema Kiswahili, rangi ni ileile, kanzu ni ileile. Kwa miaka mingi, alisema mkubwa wao, polisi wakipita wewe ni Mbajuni wa Lamu, kwenye chaguzi ni Mdigo, kwenye mazishi ndiyo Mpemba. Serikali ilipowatambua kuwa jamii ya Kenya mwaka 2023, watu waliokuwa wameshazoea kujiita vingine walianza kulitaja jina la babu zao tena.

Mdogo wake akamkatiza bila kuinua macho kwenye wavu. "Usimdanganye dada. Wapo waliobaki Wadigo. Kazi wamepatia huko, sasa warudi wafuate nini?"

Walibishana kidogo juu ya mtu fulani, jina silitaji, kama bado ni wao au la. Mkubwa alisema damu haibadiliki. Mdogo alisema yule hajaja kwenye msiba hata mmoja tangu ajenge, basi si wao. Ningepewa kura ningempigia mdogo.

Wasini hakuna gari hata moja. Wenyeji ni Wavumba, na watu wa makamo walinieleza nasaba zao hadi Washirazi, wale wanaosema walitoka Uajemi, kwa kujiamini ambako sijakuona bara. Babu mmoja aliyewahi kufanya kazi Unguja alinikumbusha habari niliyoisoma zamani: kule, kati ya sensa ya 1924 na ya 1931, waliojiandika Waswahili walipungua kwa maelfu, na haikuwa tauni. Walijiandika Washirazi na mengineyo. Ukiulizwa na mkoloni wewe nani, unajua kwamba jibu lina kodi ndani yake, lina shule, lina nafasi ya kukaa mjini. Vita vya pili vilipokuja na mgao wa chakula, mchele ukaenda kwa Waarabu na Wahindi, Waafrika wakapewa mahindi.

"Wewe ungejiandika nani?" akaniuliza.

Nilimwambia wali ninaupenda.

Alhamisi: Lunga Lunga, Horohoro

Siku ya foleni. Kutoka Kanana hadi Lunga Lunga ni matatu moja, 150. Mkenya beba pasipoti au pasi ya muda ya Afrika Mashariki. Kitambulisho peke yake hakikuvushi hapa. Beba na kadi ya homa ya manjano. Wabadilisha fedha watakuzingira kabla hujafunga mlango wa gari. Badilisha kiasi cha nauli tu, na uhesabu kabla ya kuachia zako. Mimi nilikaa saa tatu kwa sababu mtandao wa ofisi moja ulikatika, na hakuna aliyejua utarudi lini.

Mstari huu ulichorwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1886, kutoka mdomo wa mto Umba kwenda bara hadi ziwa Victoria. Umewakata Wadigo vipande viwili. Kwenye foleni nilikuwa nyuma ya akina mama wanaokwenda arusini upande wa Tanzania, wana ndugu huku na huku, na hawaoni ajabu. Ajabu ni watoto wao. Wa Lunga Lunga akitaka kitambulisho, kwa miaka mingi aliulizwa kwa ukali babu yake alizaliwa wapi, kwa sababu yuko mpakani. Binamu yake wa Horohoro hana habari hiyo, ila naye ana ya kwake: Tanzania haijauliza kabila kwenye sensa tangu 1967. Kenya wanauliza, na siku matokeo yanapotoka ni mjadala wa nchi nzima nani amepita nani.

Nilimuuliza mmoja wa wale mama kama Mdigo wa Tanzania ni tofauti. Akafikiri. "Wale wa kule wanaongea Kiswahili sana. Na wanapenda kusema wao Watanga." Halafu akaongeza kwamba kwenye mahari wote ni wagumu.

Horohoro hadi Tanga ni lami nzuri, Noah, shilingi 5,000 za Tanzania. Nililala njia nzima.

Ijumaa: Tanga

Nilizurura Ngamiani, ambako barabara zinaitwa kwa namba, nikala wali wa nazi na changu kwa 4,000. Mji huu uliishi kwa mkonge. Mwaka 1964 Tanganyika ilitoa tani zaidi ya 230,000, na waliokata majani hayo walitoka Kigoma, Njombe, Songea, Msumbiji. Manamba, waliitwa, kwa sababu ya namba walizopewa. Makambini walilazwa kwa makabila, na wenye mashamba walikuwa na orodha yao ya nani mvumilivu na nani mkorofi. Mtu aliyetoka kijijini akijijua kwa ukoo wake alijikuta kambini akiambiwa yeye ni Muha au Mbena, kwa sababu ndivyo kibanda chake kilivyoandikwa.

Mzee mmoja muuza kahawa, mtoto wa manamba, aliniambia baba yake alikufa bila kurudi kwao, na yeye hajafika huko. Nikamuuliza yeye ni nani basi. "Baba Muha, mama Mbondei, mke Mdigo. Hesabu mwenyewe." Kahawa 200, kashata bure.

Jumamosi: kuelekea Bwiti

Daladala ya kwenda Maramba inaondoka mapema. Fika stendi saa kumi na mbili. Njia ni ya vumbi sehemu kubwa, na masika usijaribu bila kuuliza. Tulichelewa kwa pancha, na hapo pembeni ya barabara ndipo abiria wawili wakaanza kushambuliana: mmoja Mpare, mmoja Mchaga. Mchaga alidai Mpare huyo atamshtaki dereva kwa ajili ya pancha, auze ng'ombe wawili kulipia kesi ya kuku. Mpare akajibu kwamba Mchaga akisikia sarafu ikianguka kaburini kwake atafufuka. Sisi wengine tuliumwa mbavu. Hawakuwa wanajuana. Huo ni utani, na una kanuni: mtani wako anaweza kukutukana msibani, akazuia jeneza hadi mtoe chochote, na humkasirikii.

Kenya sentensi hizohizo zingeweza kumfikisha mtu polisi. Sijasema Watanzania ni malaika. Ninachosema ni kwamba mpaka wa Mpare na Mchaga upo, umenyooka kabisa, na kazi yake ni kicheko na kubebana mazishini. Hakuna aliyeulizwa awe kitu kingine ili apite.

Maramba nilipata chai na chapati, kisha bodaboda hadi Bwiti kwa 8,000. Ripoti kwanza ofisi ya kijiji, ujieleze. Hakuna nyumba ya wageni niliyoiona. Mwenyekiti alinipeleka kwa dada yake, nikapewa kitanda na mtoto wa kunisindikiza chooni usiku kwa tochi.

Jumapili: Bwiti

Hapa ndipo nilipokuwa naelekea tangu mwanzo. Bwiti wanaishi Wadaiso, ambao ni Wasegeju. Wasegeju wametajwa kwenye maandishi ya Wareno: mwaka 1589 waliisaidia Malindi dhidi ya Wazimba, wavamizi waliotoka kusini. Baadaye walishuka kusini. Waliobaki ufukweni, kati ya Vanga na Tanga, wakawa Waislamu, wakaoana na Wadigo na Wavumba, na lugha yao ya asili ikapotea. Leo wanasema Kidigo au Kiswahili. Lakini waulize, watakwambia Wasegeju. Waliopanda huku chini ya milima walibaki na lugha, Kidaiso, na wataalamu wanaiweka kundi moja na Kikamba na Kikikuyu. Mamia ya kilomita kutoka Machakos, kwetu Wakamba, katikati ya Wadigo na Wasambaa.

Baada ya mihogo na chai ya tangawizi, mwenyeji wangu aliniketisha na bibi wawili chini ya mwembe. Nikawaamkia kwa Kikamba, polepole. Mmoja akanyamaza, akamtazama mwenzake, akanijibu kwa lugha yake. Sikushika kila kitu. Nilishika kiasi cha kujua anaulizia watoto, na kwamba anaona nimekonda. Tukaendelea hivyo, yeye Kidaiso, mimi Kikamba, tukikwama tunavuka kwa Kiswahili. Wajukuu walikuwa wamekusanyika wakicheka, wao wenyewe wakiulizana kwa Kiswahili bibi anasema nini. Hilo nililiandika: baadhi yao walikuwa wanafahamu kidogo kuliko mimi.

Nikauliza swali langu. Bibi wa kwanza alisema mimi ni mtoto wao aliyepotea, lugha imeonyesha. Wa pili alikataa katakata. Msegeju wa pwani asiyejua neno la Kidaiso ni ndugu, maana walizika pamoja na kuoana. Huyu wa Machakos anasikika kama sisi lakini hajawahi kuleta hata ndoo ya maji kwenye msiba wetu. Ndilo neno la yule mvuvi wa Shimoni, karibu silabi kwa silabi.

"Na akiolewa hapa?" mwenyekiti akachokoza.

"Akiolewa hapa," bibi wa pili akasema, "atakuwa wetu kufikia mtoto wa pili. Wa kwanza tunamtazama tu."

Wakaanza kunitafutia mchumba, kwa majina, wakipinga na kupitisha. Boda niliyemwagiza akafika, kijana wa Kisambaa kutoka Maramba, akasikiliza kidogo na kuingia katikati: kwao hata mtoto wa tatu hatoshi. Ikawa zogo jipya. Tuliondoka saa tisa wakiwa bado hawajakubaliana, na yeye akaendelea na hoja yake juu ya pikipiki, akigeuza kichwa nyuma kwenye kila kona hadi nikamwomba atazame barabara. Maramba alinitoza 8,000 zilezile. Nilimwambia mimi sasa ni mtu wa Bwiti. Akasema wa Bwiti hulipa 6,000, nirudi na watoto.